Mwanamke Aliyelikalia Kanisa

Zahanati ya Hamravík hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na Jumatatu moja mwishoni mwa kiangazi wa kwanza kuingia alikuwa Rakul wa Króki. Króki ni nyumba yao. Kwetu visiwani Faroe mtu huitwa kwa nyumba yake, la sivyo barua zote zingekwenda kwa mtu mmoja. Alivua buti za mpira mlangoni, akazipanga kando ya viatu vya daktari, akaingia na soksi za sufu alizozifuma mwenyewe. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na viti vipya vyenye mikono, vyembamba, na pembeni yake benchi la mbao za kuokota ufukweni. Mumewe Hanus ndiye aliyelitengeneza benchi hilo ili mkewe awe na pa kukaa. Madaktari walidhani ni la wachumba.

Daktari alikuwa mgeni. Kwetu daktari huwa mgeni kila mara. Huja kwa ndege kutoka Denmark, hukaa majuma machache, huvua samaki jioni na kupiga picha za kondoo, kisha hurudi kwao, na anayefuata huanza upya. Tulishaacha kujisumbua kushika majina yao. Huyu tulimwita Koti la Bluu.

"Karibu, mama," alisema Koti la Bluu, na kabla Rakul hajaeleza kilichomleta, aliivuta mizani kwa mguu kutoka chini ya meza.

"Nina maumivu hapa," Rakul alisema, akaonyesha chini ya mbavu za kulia. "Yanakuja nikishakula. Yananibana hadi mgongoni, pumzi inakata."

"Tutafika huko. Panda kwanza."

Rakul akapanda. Koti la Bluu akatazama namba, akaguna, akaandika. Akachukua mkanda wa kupimia presha, ukauzunguka mkono wa Rakul nusu tu, ukafyatuka. Akaujaribu tena, ukafyatuka tena, akauweka kando kana kwamba mkono ndio ulioharibika. Kisha akaeleza habari za mboga, matembezi na mikate. Alieleza vizuri, polepole, kwa sauti ya kumfundisha mtoto kuvuka barabara, na mwisho akasema maumivu hayo yangeondoka pamoja na kilo.

"Hutaniangalia?" Rakul aliuliza.

"Nimeshakuangalia," alisema daktari.

Nje, shemasi Dánjal alikuwa akimsubiri kwenye ukuta wa mawe, amenuna. Siku hiyo kulikuwa na upepo wa kukaushia nguo tu, lakini kanisa lilikuwa limeshasogea kuelekea baharini, na mlango wake ulikuwa unafunguka juu ya kaburi la mtu.

"Dada Rakul, ungeniambia unakwenda zahanati."

"Niliona upepo wenyewe si wa kutisha."

"Kwako wewe. Sasa nani atalirudisha?"

Rakul akaingia kanisani, akakaa mahali pake, benchi la tatu upande wa kushoto. Akajisogeza kwa nguvu mara mbili tatu, na kanisa likarudi mahali pake. Aliendelea kukaa pale mpaka maumivu yalipomwachia, kisha akaenda nyumbani kupika viazi.

Hamravík imekaa chini ya mlima ulio wima, na upepo ukishuka mlimani haubishi hodi. Vitu vyepesi huondoka. Ndiyo maana kwenye kituo cha basi kuna kapu la mawe meusi: mgeni akishuka huchukua mawili ya kutia mfukoni, na akiondoka huyarudisha. Wenyeji wembamba wana mawe yao. Hanus ni baharia wa meli ya uvuvi, mwembamba kama ufito, na ana mawe manne, lakini wakati wa baridi bado hutembea ameshika mkono wa koti la mkewe. Watu wa vijiji vingine humcheka kwa hilo. Yeye huwaambia kwamba wao walioa wanawake wa kupeperuka, shauri yao.

Kanisa letu ni la mbao zilizopakwa lami, na paa lake ni la majani mabichi. Zamani lilifungwa kwa kamba za chuma zilizopita juu ya paa na kuzama ardhini pande zote mbili, na hata hivyo kila dhoruba ililiinua, watu wakawa wanaimba zaburi huku wamekumbatia mabenchi. Siku Rakul alipopata kipaimara alikuwa tayari mkubwa wa mwili kuliko wenzake wote. Dhoruba ilikuja katikati ya ibada, na kanisa halikutikisika. Baada ya ibada, kwenye kahawa, wazee walikubaliana kwamba sababu ni huyo binti wa Króki, kwa kuwa bibi yake mzaa mama alikuwa akiishikilia nyumba ya kuchezea ngoma vivyo hivyo. Mwaka uliofuata wakazifungua kamba za chuma, maana kutu yake ilikuwa inachuruzika ukutani, wakajengea ua wa kondoo.

Tangu hapo, redio ikitangaza dhoruba, Dánjal humpigia simu Rakul, na Rakul huja na ufumaji wake na chupa ya kahawa, akakaa benchi la tatu mpaka upepo upite. Hajawahi kudai shukrani wala hajawahi kunyimwa. Dukani hupishwa. Kwenye ngoma ya mnyororo, watu wanaposhikana mikono na kuzunguka wakiimba tenzi ndefu za wafalme wa kale, bila zumari wala ngoma ila miguu yao tu, kila mtu hugombea kuushika mkono wake, kwa sababu mguu wa Rakul ukitua sakafu nzima huitika, na anayecheza kando yake hapotezi hatua. Enzi za ujana wao, wanaume walishikana mashati kwa ajili ya nafasi hiyo. Hanus aliipata kwa kuwa alikuwa mwembamba, akapenya katikati yao.

Kwa hiyo Rakul aliujua mwili wake, na alitembea nao kifua mbele. Aliurithi kama wengine wanavyorithi mashua, na kama mashua ulikuwa na kazi yake, na kijiji kizima kiliijua kazi hiyo. Mahali pekee ulipokuwa kosa ni ndani ya zahanati.

Zahanati yenyewe ililetwa kwa meli, vipande vipande, kuta zake nyepesi kama boksi la biskuti. Fundi wa halmashauri aliisimamisha kwenye uwanda ambao hakuna babu yetu aliyewahi kujenga, akakaza skrubu, akasema siku hizi kamba hazihitajiki. Tulidhani watu wa mjini wanajua jambo tusilolijua, tukanyamaza.

Rakul alipiga moyo konde akafuata maagizo. Aliacha nyama ya kondoo ya kukaushwa bandani, aliacha mafuta yake, aliacha keki za Jumapili. Alikula kabichi. Kila asubuhi alipanda njia ya kondoo mpaka mlimani na kushuka, mbwa wa jirani wakimfuata kwa udadisi. Wa kwanza kuona mabadiliko alikuwa jirani yake Armgarð, ambaye hupitwa na machache.

"Shoga, mbona shingo imekupungua? Unaumwa?"

"Naumwa, ndiyo. Daktari kasema nipungue."

"Upungue! Na kanisa je?"

"Sikumwambia habari za kanisa. Hakuuliza."

"Na hayo maumivu?"

"Yako palepale. Yanapenda kabichi kama yalivyopenda keki."

Vuli ilipoanza, kanisa lilianza kucheza. Kwanza ilikuwa mishumaa tu kuyumba. Baadaye upande wa kaskazini ukawa unainuka wakati wa ibada, mwanga unaingia chini ya ukuta, na kondoo wanachungulia kwa ndani. Hakuna aliyemlalamikia Rakul usoni. Ila watu walianza kupita Króki bila sababu, mikononi wana keki zilizofunikwa kwa taulo. Dánjal alileta paja zima la kondoo, akaliweka mezani na kisu kando yake.

"Ni la kuangalia tu, dada," alisema, akaenda zake.

Majira hayohayo ndipo kugonga kulipoanza. Ilikuwa Jumapili. Mchungaji huja kwetu mara chache kwa kuwa ana makanisa mengi, na siku asipokuja shemasi ndiye husoma mahubiri. Dánjal alikuwa akisoma, ikasikika ngo, ngo, ngo.

"Ingia," alisema Dánjal bila kuinua macho.

Hakuingia mtu. Ikagonga tena.

"Si mlangoni," alisema Armgarð. "Ni Rakul."

"Samahani," alisema Rakul.

Dánjal akavua miwani. "Kuna mtu anabisha hodi ndani yako, dada."

"Najua. Ameanza juzi."

"Mwambie daktari."

"Nitamwambia."

Dánjal alisubiri ugongaji ule uishe, akaendelea na mahubiri. Tangu Jumapili hiyo alijifunza kusoma kwa kupisha, na wengi tuliona kwamba mahubiri yalipendeza zaidi yakiwa na vituo.

Koti la Bluu alikuwa ameshaondoka. Aliyekuwapo sasa ni mwanamke mpole, aliyejifunga skafu ya njano, akavuta kiti karibu sana na Rakul na kuinamisha kichwa upande, kama anayezungumza na mfiwa.

"Najua si rahisi," alisema Skafu ya Njano. "Hapa hakuna atakayekuhukumu. Panda tuone."

Rakul akapanda. Skafu ya Njano akatazama namba, akatazama ile aliyoiandika mwenzake, akapiga makofi madogo.

"Umejitahidi sana! Hongera, mama!"

"Ahsante. Lakini maumivu yamezidi. Na sasa kuna kitu kinabisha ndani."

Kikabisha. Maji yakatetema kwenye glasi iliyokuwa mezani. Skafu ya Njano akangoja kelele zitulie.

"Kuna ujenzi huku?" aliuliza.

"Hapana. Ni mimi."

Daktari akatabasamu, akampigapiga mkono. "Mwili ukipungua hujirekebisha wenyewe. Tuendelee hivihivi. Usikate tamaa sasa, umeanza vizuri."

Weupe wa macho ya Rakul ulikuwa umeshageuka njano, sawasawa na ile skafu, lakini Skafu ya Njano alikuwa anaitazama mizani.

Siku hiyo Rakul alilia, jikoni, akiwa amesimama mbele ya sinki. Maumivu aliyamudu. Kilichomliza ni kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kuombwa akae, na sasa alikuwa anaombwa aondoke, kidogo kidogo, mpaka abaki kiasi cha kuweza kusikilizwa. Aliona hasira, na aliona haya, na haya ndiyo iliyomuudhi zaidi, kwa sababu haikuwa yake. Alikuwa amepewa kule zahanati na kutembea nayo mpaka nyumbani.

Hanus, aliyekuwa amerudi kutoka baharini, aliweka kikombe chini. "Nakwenda huko mimi mwenyewe nikamkwide."

"Kaa chini. Nje kuna upepo, utapeperuka."

"Basi twende wote, unishike."

Rakul akacheka katikati ya machozi, na kicheko kikamuuma ubavuni. Akalivuta paja la kondoo alilolileta Dánjal, akachukua kisu, akakata kipande chenye mafuta yake yote.

"Kama ni kufa," alisema, "nitakufa nikiwa Rakul mzima."

Mpaka baridi inakolea kanisa lilikuwa limetulia tena. Maumivu hayakutulia. Rakul aliamka na homa, mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi, na kile kilichomo ndani kiligonga mpaka Hanus akahamishia mto wake upande wa miguuni. Ilikuwa Alhamisi. Redio ilisema dhoruba ingefika jioni, na Rakul alipanga kwenda zahanati asubuhi na kanisani mchana. Safari hii alimpigia simu Dánjal kumjulisha, ili asinune.

Daktari wa zamu hiyo alikuwa kijana, mrefu, mwembamba kupita Hanus, na hakuwa na jiwe hata moja mfukoni. Tulimwita Miwani. Alikuwa na haraka kwa kuwa ndege yake ya kurudi kwao ilikuwa kesho yake.

"Nina homa," Rakul alisema. "Macho yangu ni ya njano. Kuna kitu kinabisha hapa chini ya mbavu."

"Sawa, sawa. Panda kwanza."

Rakul akapanda kwenye mizani, na dhoruba, ambayo haikuwa imesikiliza redio, ikashuka mlimani.

Skrubu zilitoka moja baada ya nyingine, kama vifungo vya shati la mtu aliyeshiba. Ukuta wa upande wa bahari ukainuka, kisha wa upande wa mlima, na zahanati ikaondoka ardhini. Viti vyenye mikono viliteleza vikatoka mlangoni mmoja mmoja, vikaelekea kisiwa cha jirani. Benchi la Hanus lilibaki. Na pale aliposimama Rakul, pale tu, sakafu iling'ang'ania ardhi, hata nyumba nzima ikawa inazunguka taratibu kumzunguka yeye, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Miguu ya Miwani ilikuwa imeacha sakafu. Alikuwa ameelea ubavu, mikono yake miwili imeushika mkono wa Rakul.

"Tafadhali usishuke kwenye mizani," alisema Miwani.

"Sishuki."

Miwani akatazama chini, akaiona namba. "Hii ni nyingi sana, mama. Hii inabidi tuizungumzie."

"Tuzungumze," alisema Rakul. "Leo huna haraka."

Basi Miwani akaeleza, akiwa hewani, habari za mboga, matembezi na mikate. Dirisha lilipita mbele ya Rakul likionyesha bahari, kisha mlima, kisha kanisa, kisha bahari tena. Kila lilipofika kanisani alitazama. Kanisa lilikuwa linainuka. Moyo ulimuuma kuliko ubavu, kwa kuwa alijua angeweza kushuka kwenye mizani, atoke, akimbie mpaka benchi la tatu. Kanisani hakukuwa na mtu. Humu kulikuwa na mtu, ingawa ni huyu. Akabaki.

Dánjal naye alikuwa ameona. Alipiga kengele, na kijiji kizima kikatoka majumbani na mawe mifukoni, kikaingia kanisani kupitia mlango uliokuwa umefika usawa wa magoti. Wakakaa wote benchi la tatu na mabenchi ya jirani, wakabanana. Kanisa likaendelea kupanda. Hanus alikuwa ameazima mawe ya watu wawili wagonjwa, na bado alilazimika kushikwa.

"Haitoshi," alisema Armgarð. "Tucheze."

Watu wakamtazama Dánjal. Miaka yote alikuwa amesema kwamba ngoma ina nyumba yake na Mungu ana yake, na mguu wa ngoma hautaingia humu akiwa hai. Dánjal akatazama nje, akaliona bati la banda lake likipita chini yake. Akafunga kitabu.

"Chagueni utenzi mrefu," alisema.

Wakashikana mikono katikati ya mabenchi, mzee na kijana, mwalimu na wavuvi, na mnyororo ukaanza kuzunguka, hatua mbili kushoto, moja kulia. Dánjal aliongoza kuimba, maana hakuna aliyejua tenzi hizo zaidi yake. Kila mguu ulipotua kanisa lilishuka kidogo, na kila mguu ulipoinuka nalo likajaribu tena. Jasho liliwatoka. Walibadilishana waimbaji, walimaliza utenzi mmoja wakaanza mwingine, na hakuna aliyethubutu kukaa. Ilihitaji kijiji kizima, na mawe yake yote, na sauti zake zote, kufanya kile ambacho Rakul hukifanya huku akifuma kisigino cha soksi.

Kishindo hicho kilipita ardhini kikafika zahanati. Rakul alikisikia kwenye nyayo. Aliujua utenzi, alijua walipofika, na mguu wake, bila kumwomba ruhusa, ukainuka na kutua kwenye mizani. Namba ikaruka. Zahanati ikashuka shibiri moja. Akatua tena. Alikuwa na homa, alikuwa wa njano kama mshumaa, na alicheza, peke yake, juu ya kile chombo kilichomdhalilisha tangu kiangazi, na nyumba ile nyepesi ya watu wa mjini ikawa inamtii. Kilichokuwa ndani yake nacho kikaanza kubisha kwa kufuata hatua. Miwani alirushwa juu na chini kama kitambaa, mpaka mikono yake ikaachia ule mkono wa Rakul, na katika kutafuta pa kushika akamkumbatia kiunoni, kiganja chake kikatua chini ya mbavu za kulia.

Alinyamaza katikati ya habari za mikate.

"Kuna kitu hapa," alisema.

"Kipo."

"Ni kigumu. Kinagonga."

"Kinagonga tangu vuli. Kabla ya kugonga kilikuwa kinauma tangu kiangazi."

"Kwa nini hukusema?"

Rakul alimtazama. Zahanati ilizunguka mzunguko mzima, bahari ikapita, mlima ukapita, kanisa likapita, naye bado anamtazama.

"Shikilia hapohapo," alisema mwishowe. "Usije ukaanguka."

Upepo ulipoisha helikopta ilikuja ikamchukua, baada ya rubani kuhakikishiwa na Hanus kwamba ikiwa na Rakul ndani itaruka vizuri kuliko siku zote. Kwenye hospitali kubwa ya mjini alipewa gauni la wagonjwa lililokataa kufungika mgongoni, akajitanda blanketi. Wakampasua. Ndani ya mfuko wa nyongo wakakuta jiwe jeusi, la aina ileile ya mawe ya kwenye kapu la kituo cha basi, kubwa kama andazi la kushiba. Daktari mpasuaji alimletea kitandani ndani ya mfuko wa nailoni. Alimwambia angechelewa juma moja zaidi wasingeonana, akamuuliza, kwa huzuni ya kweli, kwa nini watu wa vijijini huchelewa hivyo. Kisha akaliweka jiwe kwenye mizani ndogo.

"Hongera, mama," alisema. "Huu ni mwanzo mzuri wa kupungua."

Rakul alirudi nyumbani majani yalipoanza kuchipua. Kituo cha basi kilikuwa kimejaa watu waliochana nywele zao vizuri. Kanisa lilikuwa limekaa upande, mlango wake umeelekea mlimani, kwa kuwa hakuna aliyeona inafaa kuligusa kabla yeye hajaja. Aliingia moja kwa moja, na begi lake, akakaa benchi la tatu, akajisogeza. Kanisa likageuka polepole likakaa linavyotakiwa. Watu waliokuwa nje wakavua kofia. Armgarð aliuliza kama sasa ngoma itaruhusiwa humo, na Dánjal akasema hapana, ile ilikuwa dharura.

Jiwe alimpa Hanus. Sasa ana matano, na anaweza kutembea peke yake wakati wowote wa mwaka. Bado hushika mkono wa koti la mkewe, na akiulizwa husema ni mazoea.

Zahanati ilikazwa skrubu mpya. Tuliiandikia halmashauri kuomba kamba za chuma, nao wakajibu kwamba jengo limejengwa kwa viwango vyote. Viti vyenye mikono vililetwa vingine. Miwani alikwisha kurudi kwao, na tunasikia anaendelea vizuri.

Jumatatu moja Rakul aliamka anaumwa sikio. Alivua buti mlangoni, akakaa kwenye benchi lake, akaitwa. Daktari alikuwa mgeni, mwenye ndevu nyekundu na mikono myembamba kama ya msichana.

"Karibu, mama," alisema Ndevu, huku mguu wake unaivuta mizani kutoka chini ya meza. "Panda kwanza."

"Nimekuja kwa ajili ya sikio."

"Tutafika huko."

Rakul akatazama dirishani. Majani ya mlimani yalikuwa yanaanza kulalia upande mmoja, na vikombe vilikuwa vinagongana kabatini. Ndevu hakuwa na jiwe mfukoni.

"Nitapanda," alisema Rakul, "kwa sababu upepo unakuja na wewe ni mwembamba."

Akapanda, kifua mbele. Sakafu ikatulia, vikombe vikanyamaza. Ndevu akatazama namba, akaguna, akaandika.

"Sikio," alisema Rakul, "ni la kushoto."